Mche Safi wa Mchungwa: Kutoka Chupa ya Maabara Hadi Ua wa Nyumba

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Kaloleni, Bahati, Jericho, Buru Buru, Umoja, Kayole na mingineyo ya Eastlands, si ajabu kuona mchungwa au mlimau umesimama katika ua mdogo wa nyumba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani. Kando ya barabara kubwa wauza miche wamepanga mifuko yao myeusi ya nailoni, na miche ya machungwa haikosi humo. Wanunuzi ni watu wa namna mbili. Kuna mpangaji au mwenye nyumba atakaye kivuli na malimau ya chai. Tena kuna yule mwenye shamba Machakos, Makueni au kwingineko, ambaye likizo ya Desemba ikifika hufunga miche kumi au ishirini ndani ya gunia, akaipakia katika basi kwenye kituo cha Landhies Road, akaenda nayo nyumbani.

Mti hupandwa kwa siku moja, lakini hungojewa kwa miaka. Mchungwa uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa kidogo katika mwaka wa tatu au wa nne, na huchukua miaka mingine kabla ya kumrudishia mkulima gharama yake. Kwa hiyo anunuaye mche mbovu hapotezi bei ya mche peke yake. Hupoteza shimo alilochimba, samadi aliyotia, maji aliyochota na, zaidi ya yote, hupoteza miaka ambayo hakuna duka liuzalo miaka mingine badala yake. Na jambo la kusikitisha ni kwamba mche mgonjwa unaweza kuwa na majani ya kijani yanayong'aa siku ile unaponunuliwa.

UGONJWA UJAO KIMYA

Adui mkubwa wa michungwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ni ugonjwa uitwao ukijani. Jina hilo latokana na tunda lenyewe. Chungwa la mti mgonjwa hubaki dogo, hupinda upande mmoja kama lililokandamizwa, na sehemu yake ya chini hukataa kuiva ikabaki ya kijani. Mbegu zake huwa kapi, na maji yake huwa machungu. Majani hupata mabaka ya manjano. Matawi hukauka kutoka nchani, na mti huendelea kudhoofika hata ukawa kuni.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria waishio ndani ya mirija ipitishayo chakula cha mti kutoka majanini kwenda mizizini. Mirija ikiziba, mizizi hufa njaa huku majani yakiwa na chakula yasichoweza kukipeleka. Katika mwaka 1965 wachunguzi wawili wa Afrika Kusini, McClean na Oberholzer, walionyesha kwamba mchukuzi wa ugonjwa huo ni mdudu mdogo afyonzaye utomvu, aitwaye silidi. Urefu wake ni milimita 4 hivi. Silidi wa Kiafrika hupenda ubaridi, wala hastawi katika joto kali la nchi za chini. Nairobi ya mashariki, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, yamfaa sana.

Silidi huyo hutaga mayai katika machipukizi machanga. Watoto wake hujibandika chini ya jani, kila mmoja katika kishimo chake, hata jani likaonekana lina vipele upande wa juu. Mwenye mti akiviona vipele hivyo, ajue kwamba mgeni mbaya ameingia. Tena kuna silidi wa Kiasia, ambaye huvumilia joto. Huyo aliripotiwa Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, na kuja kwake kumewatia hofu hata wakulima wa pwani, ambao zamani walikingwa na hali ya hewa yao. Hofu hiyo ina sababu. Katika jimbo la Florida, Marekani, ugonjwa wa jamii hiyo uligunduliwa mwaka 2005. Kabla yake jimbo hilo lilikuwa likivuna zaidi ya masanduku milioni 200 ya machungwa kwa msimu mzuri. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 lilivuna chini ya milioni 20.

Dawa ya kumponya mchungwa uliokwisha kuugua shambani haijapatikana. Ndiyo sababu neno la kwanza katika kilimo cha machungwa si mbolea wala maji, bali ni usafi wa mche.

KISU HUENEZA, KISU HUOKOA

Mdudu hachukui lawama yote peke yake. Ukijani huenezwa pia na mkono wa mwanadamu, kwa kubebesha miti.

Kubebesha ni kuunganisha sehemu mbili za miti miwili ili ziishi kama mti mmoja. Sehemu ya chini, yenye mizizi, huitwa mche wa chini. Nayo huchaguliwa kwa sababu ya nguvu zake katika udongo. Sehemu ya juu huitwa kikonyo. Nayo huchaguliwa kwa sababu ya utamu na wingi wa matunda yake. Mara nyingi kikonyo cha mchungwa huwa ni jicho moja tu la chipukizi, lililochongwa pamoja na kipande kidogo cha gome. Jicho hilo likishika, hukua likawa mti mzima wenye tabia zote za mama yake.

Tabia zote ni pamoja na magonjwa yake. Jicho lililochukuliwa katika mti mgonjwa huupeleka ugonjwa ndani ya mche mpya. Fundi aliyekata vikonyo katika mti mmoja wenye ukijani usioonekana bado, akabebesha miche mia, aweza kuwa ameotesha wagonjwa wengi kwa wiki moja. Miche hiyo ikipanda basi na kushuka Machakos, Embu au Murang'a, silidi wa huko hupata mahali pa kuuchukua ugonjwa na kuupeleka kwa miti ya jirani.

Historia ya mchungwa imejaa misiba ya namna hiyo. Zamani, katika nchi nyingi, mdanzi ndio uliopendwa kuwa mche wa chini kwa sababu ulihimili udongo mzito. Kisha vikaja virusi viitwavyo tristeza, vichukuliwavyo na vidukari na kwa vikonyo vilevile. Mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi ulipovipata, ulikauka. Kuanzia miaka ya 1930 mamilioni ya miti yalikufa katika Argentina na Brazil, na baadaye Hispania ikapata msiba wake.

Sasa msomaji aweza kuuliza: kama ugonjwa umo katika miti mizuri yote ya aina fulani, mtu atapata wapi kikonyo safi? Jibu la zamani lilikuwa ni mbegu, kwa maana magonjwa mengi ya mchungwa hayapiti katika mbegu. Lakini jibu hilo lina dosari mbili. Mti uliooteshwa kwa mbegu hurudi utotoni: huwa na miiba mirefu, hukimbilia juu, na huchelewa kuzaa kwa miaka mingi. Tena chungwa la aina ya Washington Navel, lipendwalo na wengi, halina mbegu kabisa. Ilibidi itafutwe njia ya kuusafisha mti bila kuurudisha utotoni, na njia iliyopatikana ni kubebesha kulekule, ila kwa kipimo kidogo kuliko chochote alichowahi kukijaribu mkulima.

NCHA NDOGO KULIKO KICHWA CHA PINI

Njia hiyo ilianza katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside. Mwaka 1972 Toshio Murashige na wenziwe walionyesha kwamba inawezekana kubebesha ncha ya chipukizi ndani ya chupa. Mwaka 1975 Luis Navarro, Roistacher na Murashige waliikamilisha hata ikafaa kwa kazi ya kila siku. Navarro aliporudi kwao Hispania aliitumia huko Moncada, karibu na Valencia, kuisafisha michungwa ya nchi yake. Tangu hapo njia hiyo imeenea katika nchi nyingi zilimazo machungwa.

Siri yake ni hii. Katika ncha kabisa ya chipukizi pana chembe changa zinazogawanyika kwa haraka. Mirija ya chakula haijafika hapo bado, na vijidudu viletavyo magonjwa husafiri kwa njia ya mirija hiyo. Kwa hiyo mti mzima waweza kuwa mgonjwa na ncha yake ikawa safi, mfano wa nyumba iliyoko mwisho wa mtaa ambako barabara haijafika.

Kwanza mtaalamu huotesha mbegu za mche wa chini. Mbegu humenywa maganda, husafishwa kwa dawa, kisha huwekwa katika chupa yenye chakula cha mimea na kufungiwa gizani kwa muda wa wiki mbili hivi. Hutoka miche myembamba, meupe, kama chipukizi la haragwe lililosahauliwa chini ya sufuria. Wakati huohuo mti utakaosafishwa hupukutishwa majani ili utoe machipukizi mapya.

Ndipo huja kazi yenyewe. Chini ya hadubini, kwa wembe uliosafishwa, ncha ya chipukizi hukatwa ikiwa na urefu wa milimita 0.1 hadi 0.2 tu, pamoja na vijani viwili au vitatu ambavyo havijakunjuka. Mche mweupe hukatwa kichwa, ukabakizwa sentimita 1.5 hivi za shina, nao hutolewa yale majani-mbegu yake. Katika shina hilo hukatwa alama ya herufi T iliyopinduliwa, na ile ncha huwekwa hapo ndani. Mche hurudishwa katika chupa yenye chakula cha majimaji, ukishikwa wima na karatasi, na kuwekewa mwanga kwa saa 16 kila siku.

Si kila ncha hushika. Mkono uliozoea hupata miche 30 hadi 50 kwa kila 100. Na hapo pana mizani ambayo lazima ipimwe kwa akili: ncha ikiwa kubwa, miche mingi hushika lakini mingi hubaki na ugonjwa, ncha ikiwa ndogo mno, miche huwa safi lakini michache ndiyo iishiyo. Ndiyo maana kila mche uliotoka chupani ni lazima upimwe kabla ya kuitwa safi. Kwa tristeza, wataalamu wamezoea kubebesha kipande chake juu ya mndimu, ambao huonyesha alama upesi. Na kwa ukijani, hupima maabarani chembechembe za urithi za bakteria.

KUTOKA CHUPANI HADI MKEBENI

Wakulima wengi wa Kenya wanaijua migomba ya tishu, iliyoanza kugawiwa katika miaka ya 1990. Mgomba hutolewa chupani, huzoezwa kivulini, kisha hupandwa udongoni ukajitegemea kwa mizizi yake. Mchungwa ni mtoto mwenye shida zaidi. Mizizi ya ule mche mweupe wa chupani ni dhaifu, na shina lake ni jembamba kama kijiti cha kibiriti. Tena majani yaliyozaliwa ndani ya chupa, penye unyevu daima, hayana nta ya kutosha juu yake, wala matundu yake hayajajifunza kujifunga. Yakipigwa na upepo wa nje hunyauka kwa muda mfupi. Miche mingi iliyosafishwa kwa taabu kubwa imekufa katika hatua hii.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawaupeleki mche wa chupani moja kwa moja udongoni, bali huubebesha mara ya pili juu ya mche wenye nguvu uliokwisha kukua katika mkebe. Kazi hiyo hufanywa mche wa chupani ukiwa na majani mawili au zaidi yaliyokunjuka, baada ya wiki nne hadi sita tangu ncha ilipowekwa.

Gome la mche wa mkebeni hukatwa ubavuni kwa T iliyopinduliwa, na kufunguliwa taratibu kwa ncha ya kisu. Mche mdogo hutolewa chupani kwa kibano, mizizi yake hukatwa, na kijishina kilichobaki huchongwa mshazari kwa mkato mmoja. Huingizwa chini ya gome, ukijani wa huyu ukigusana na ukijani wa yule, kwa maana hapo ndipo panapoungana; mti mkavu wa ndani hauungani na kitu. Kidonda hufungwa kwa utepe mwembamba wa nailoni unaonyumbuka. Juu yake hufunikwa mfuko mdogo wa nailoni angavu ili unyevu usitoroke, na mkebe hukaa kivulini.

Baada ya siku nane hadi kumi, pembe ya mfuko hufunguliwa kidogo. Siku chache baadaye hufunguliwa zaidi, na mwishowe mfuko huondolewa. Mwenye haraka akiuondoa kwa siku moja, atakuta asubuhi majani yamelala. Kikonyo kikianza kukua, kichwa cha mche wa chini huinamishwa ili nguvu zielekee kwa mgeni, na kikishapata majani ya kutosha kichwa hicho hukatwa.

Faida ya kubebesha mara ya pili ni kubwa. Mizizi iliyokwisha kukomaa hukilisha kikonyo, nacho hukua kwa nguvu, hata baada ya miezi kadhaa kikatoa macho ya kutosha kubebesha miche mingine. Mti huo ndio huwa mti-mama. Hauuzwi wala haupandwi nje. Hukaa katika nyumba ya wavu wenye matundu madogo asiyoweza kupita silidi wala kidukari. Maana yafaa ifahamike wazi kwamba mche uliosafishwa haukupewa kinga. Umeoshwa tu. Ukiwekwa katika ua wa wazi karibu na mlimau mgonjwa, utaugua kama mwingine.

SEHEMU YA KAZI IWEZEKANAYO UANI

Kukata ncha ya milimita 0.1 si kazi ya ua wa Bahati wala Umoja, yataka maabara. Lakini kubebesha jicho safi juu ya mche wa chini ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye mkono mtulivu aweza kuijifunza, na vijana wengi waweza kupata riziki kwayo.

Kwa mche wa chini, mlimau wa ganda lenye makunyanzi umetumika sana Kenya, kwa sababu huota upesi na huvumilia tristeza. Mbegu zake zipandwe zikiwa bado mbichi, kwa kuwa mbegu ya jamii ya mchungwa ikikaushwa sana hufa. Mbegu moja mara nyingi hutoa miche miwili au mitatu. Iliyo dhaifu au yenye umbo tofauti na wenzake itupwe. Mche ukifika unene wa penseli, uko tayari.

Kikonyo kikatwe katika kijiti cha mviringo kilichokomaa kiasi, si kile cha pembe tatu kilicho kichanga. Majani yakatwe papo hapo, vibakizwe vikonyo vya majani tu, ambavyo huwa kama mpini wa kushikia jicho. Jicho lichongwe na gome lake kwa urefu wa sentimita 2 hivi. Mkato wa mche wa chini uwe sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo. Jicho likishatiwa, lifungwe kwa utepe, na baada ya wiki tatu lifunguliwe. Hapo pana kipimo cha wazee wa kazi hiyo: kigusie kidole kile kikonyo cha jani. Kikianguka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, jicho limekufa, na upande wa pili wa shina ujaribiwe.

Wakati wa kazi hiyo ni muhimu. Gome lazima liachane na mti kwa urahisi, na hilo hutokea mti unapokua kwa nguvu, wakati wa joto na maji ya kutosha. Miezi ya Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa na mawingu na baridi, gome hung'ang'ania na kidonda huchelewa kupona. Ni afadhali fundi atumie miezi hiyo kujaza mifuko na kupalilia.

Kisu nacho kina siri yake. Kuna ugonjwa wa michungwa uitwao eksokotisi ambao hupita kutoka mti hadi mti kwa makali ya kisu, nao waweza kukaa kimya juu ya mlimau wa makunyanzi bila kuonyesha alama yoyote. Spiriti peke yake haiuwezi. Kisu hutumbukizwa katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za maji, kila fundi anapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Kisha husuuzwa na kupakwa mafuta kidogo ili kisile kutu.

UDONGO MWEUSI WA EASTLANDS

Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hushika maji kama bakuli, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Mlimau wa makunyanzi, pamoja na sifa zake zote, hauwezi kuvumilia maji yaliyotuama. Mizizi yake huoza, na gome la chini hutoa gundi. Mwenye ua na aumbe kilima kidogo cha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na changarawe, apande juu yake, na ahakikishe kwamba kovu la kuungania limebaki juu, mbali na udongo. Anayelifukia kovu amelipa ugonjwa mlango. Maji ya kufulia yenye sabuni na chumvi yasimwagwe hapo, kwa maana mchungwa huchukia chumvi.

Jambo jingine ni lile la mti mgonjwa ulio tayari uani. Mabaka ya manjano peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani mti uliokosa madini ya zinki nao hugeuka manjano. Mtazamaji aangalie jani pande zote mbili za mshipa wa kati. Upungufu wa madini huchora pande mbili zinazofanana, kama mabawa ya kipepeo. Ukijani huchora upande huu hivi na upande ule vingine. Akiona hivyo, pamoja na matunda yaliyopinda na kubaki ya kijani chini, amwite Bwana Shamba. Ikithibitika, mti hupigwa dawa ya wadudu kwanza ili silidi wasihamie kwa jirani, ndipo hukatwa, na kisiki huuawa kisichipue tena.

Kukata mti uliopandwa na baba au mama ni uchungu. Wengi huuacha kwa kuwa bado hutoa malimau mawili matatu. Lakini katika mitaa iliyobanana, ambapo ukuta mmoja ndio mpaka wa nyumba mbili, mti mgonjwa wa mtu mmoja huwa kisima cha ugonjwa kwa ua zote za jirani. Anayeubakiza kwa huruma huua michungwa ya watoto wa wenzake.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi asione haya kumwuliza mwuzaji. Swali la kwanza: jicho la mche huu lilitoka mti gani, na mti huo ulipimwa na nani? Swali la pili: mche wa chini ni wa aina gani, na kovu liko juu kiasi gani? Swali la tatu: mche huu ulikulia chini ya wavu, au kando ya barabara? Mwuzaji mwaminifu atajibu bila kukasirika, na mara nyingi ataonyesha karatasi zake. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, na lile la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996, ndizo ofisi za kuulizwa kuhusu vitalu vilivyokaguliwa.

Mche wa namna hiyo huwa ghali kuliko ule wa barabarani, na tofauti hiyo huwashtua watu. Hesabu yake ni rahisi. Mwenye kupanda miche kumi kwa bei ndogo, akazika tisa katika mwaka wa sita, amelima bure. Na mwenye kupanda mitatu iliyo safi, akailinda, atakula na kuuza kwa miaka mingi. Rahisi ghali, husema Waswahili.

Kwa wale wapelekao miche mashambani kwa basi, hesabu ni kubwa zaidi, kwa sababu gunia moja laweza kuubeba ugonjwa hadi kijiji ambacho hakijaujua. Kabla gunia halijafungwa, kila jani na lipinduliwe litazamwe chini yake. Lenye vishimo lisipande basi.